Kurooti na kuflashi simu za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Simu ninazozizungumzia hapa ni za enzi ya 2010 mpaka 2015 hivi, Galaxy Y, Galaxy S2 na S3, Huawei Ideos, Tecno za mwanzo mwanzo, zile ambazo ukivuta droo ya mama sebuleni unazikuta zimelala na chaja iliyochubuka waya na risiti za luku. Kama simu yako ni ya juzi juzi hapa sio kwako, mambo yake ni mengine kabisa. Maswali haya naulizwa mpaka nimeyakariri, na mengine nilishawahi kuuliza mwenyewe nikiwa nimekaa mbele ya simu iliyozima jumla, kwa hiyo najibu ninavyojua bila kuremba.

Kurooti ni nini na kuflashi ni nini? Mbona kila mtu anavichanganya?

Android imejengwa juu ya Linux, na kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja anaitwa root, namba yake ni 0, huyo ndo mwenye nyumba. We uliyenunua simu kwa hela yako ni mpangaji tu, chumba chako unapaka rangi unavyotaka ila paa huruhusiwi kugusa. Kurooti maana yake unapenyeza kifaili kidogo kinaitwa su kwenye sehemu ya mfumo, simu za zamani kinakaa /system/bin au /system/xbin, halafu unaweka app ya mlinzi kama SuperSU ambayo kila app ikiomba funguo inakuuliza kwanza, nimpe au nimnyime.

Kuflashi ni kuandika upya programu ya simu kwenye memori yake ya ndani, iwe kerneli peke yake (kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya simu), iwe rekavari (kijisehemu cha dharura kinachowaka nje ya mfumo), iwe mfumo mzima. Vinachanganywa kwa sababu kwenye simu nyingi za wakati ule njia ya uhakika ya kupata rooti ilikuwa ni kuflashi, unaflashi kerneli au rekavari ambayo tayari imebeba kile kifaili. Ila fundi anaweza kuflashi simu yako ikarudi kama ilivyotoka kiwandani na rooti isiwepo, na kuna simu unairooti kwa app tu bila kuflashi chochote.

Kwa nini nihangaike na simu ya 2011?

Zamani jibu lilikuwa moja, nafasi. Galaxy Y ilikuwa na kioo cha inchi 3, prosesa ya 832 MHz na sehemu ya kuwekea app kama MB 180 tu, we weka Facebook, WhatsApp na Opera Mini uone, inaanza kulia imejaa kabla hujapiga hata picha moja. Hapo ndo watu walikuwa wanarooti, wanaigawa memori kadi vipande viwili, kimoja FAT32 cha picha na nyimbo, kingine ext2, halafu Link2SD inazihamishia app kwenye kile cha pili na simu inaamini bado ziko ndani. Mi niliishi hivyo miaka miwili, kila nikichomoa kadi kumpa mtu nyimbo nusu ya app zinapotea kwenye menyu, nikiirudisha zinarudi.

Sa hivi sababu zimebadilika. Google walifunga kuingia kwa akaunti kwenye Android 2.3.7 kushuka chini tangu tarehe 27 Septemba 2021. WhatsApp Oktoba 2023 ikaanza kudai Android 5.0 kwenda juu. Halafu kuna hii ya vyeti, vitambulisho vinavyoithibitishia simu kwamba tovuti ni ya kweli, watu hawaielewi wanadhani bando limeisha: Android za chini ya 7.1.1 hazina cheti kinachoitwa ISRG Root X1, na ndicho kinachotumiwa na tovuti kibao zinazochukua vyeti vya bure vya shirika la Let's Encrypt. Walizibeba simu za zamani kwa ujanja mpaka 2024, sa hivi ukifungua tovuti inakuletea onyo kwamba muunganisho sio salama. Ukiwa na rooti, kwa Android 4.0 kwenda juu, unakiweka hicho cheti kwenye /system/etc/security/cacerts, ila usikitoe popote popote, chukua kwa wenyewe Let's Encrypt.

Kwa hiyo nikirooti WhatsApp inarudi?

Hapana. Rooti peke yake haipandishi Android. S2 ya kiwandani mwisho wake ni 4.1.2, S3 ile ya I9300 mwisho 4.3, zote WhatsApp haizitaki. Inayorudisha WhatsApp ni romu mpya, yaani mfumo mzima wa Android uliotengenezwa na watu wengine, na kwa I9300 kulikuwa na LineageOS 14.1 ambayo ni Android 7.1. Zamani tulikuwa tunaweka CyanogenMod, ile ilikufa mwishoni mwa 2016 na LineageOS ndo mtoto wake. Ila usitegemee miujiza, S3 ina RAM ya GB 1, WhatsApp itafunguka, unaenda kuteka maji unarudi ndo inaonyesha meseji.

Nitajuaje modeli halisi ya simu yangu?

Hapa ndo simu nyingi zinapofia, kwa hiyo usipaharakishe.

Usiangalie jina lililoandikwa mbele. Toa kava, toa betri, soma stika. Galaxy S2 iko ya GT-I9100 yenye prosesa ya Samsung mwenyewe, Exynos, na iko ya GT-I9100G yenye prosesa ya Texas Instruments, na ukiziweka mezani hata aliyezitengeneza anaweza asizitofautishe kwa macho. Herufi G moja tu. Kerneli ya moja ukiiweka kwenye nyingine simu haiwaki. Za Marekani nazo ni kivyake, SGH-T989 ya T-Mobile ina Qualcomm, na hizi used zinazoletwa kwa makontena unakuta zimechanganywa humo humo, muuzaji anakuambia zote S2 tu hizo kaka.

Stika nayo inadanganya kama mtu ameshabadilisha kava au nyumba ya simu, kwa hiyo ingia Download Mode, ukurasa wa simu wa kupokelea mafaili kutoka kompyuta, namna ya kuingia iko chini, usome PRODUCT NAME pale, halafu linganisha na stika. Piga pia *#1234# itakuonyesha namba ya fimuwea, yaani programu ya simu, iliyomo. Visipokubaliana vyote vitatu, simama.

Na kuna feki. Miaka ya 2012 na 2013 S3 feki zilijaa kila mtaa, kwenye mipangilio imeandika GT-I9300 kabisa, ndani ni chipu ya MediaTek ya bei ya chini. Piga *#0*#, Samsung halisi inafungua ukurasa wa kupima kioo, rangi nyekundu, kijani, bluu, feki nyingi zinakaa kimya. Feki hiyo Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, haitaiona hata ukeshe nayo.

Kuna njia bila kompyuta?

Kulikuwa nazo nyingi, na zote zilikuwa zinatumia tundu kwenye usalama wa Android. Mwisho wa 2011 kulikuwa na zergRush kwa Android 2.2 na 2.3, ingawa hiyo wengi waliiendesha kutoka kompyuta. Desemba 2012 ikagundulika kwamba simu za Exynos, yaani S2, S3, Note na Note 2, zina mlango kwenye kerneli unaitwa /dev/exynos-mem uliokuwa wazi kwa app yoyote ile kusoma na kuandika memori yote ya simu. Chainfire, yule jamaa wa SuperSU, akatoa app ya kurooti kwa mlango huo huo na ndani yake akaweka kitufe cha kuuziba. Juni 2014 akaja George Hotz na Towelroot, unabonyeza kitufe kimoja na S5 inarootika. Framaroot nayo, mbinu zake zina majina ya Gandalf, Boromir, Frodo, unajaribu moja moja mpaka ikubali.

Shida ni moja, tundu lililokupa we rooti linampa na mwingine. Hizi app za kubonyeza mara moja zilizobaki mitandaoni zimeshapita mikono mingi, hujui nani kaongeza nini njiani. KingRoot yenyewe ilikuwa inarooti kweli ila kuitoa ni kazi kuliko kumtoa mpangaji sugu. Mi nikiwa na kompyuta naflashi tu.

Na kwa wanaopenda historia: simu ya kwanza kabisa ya Android, HTC Dream, Marekani iliuzwa kwa jina la T-Mobile G1 mwaka 2008, ilikuwa na kosa la kuchekesha, chochote ulichoandika kwenye kibodi kilikuwa kinatekelezwa chini kwa chini kama amri ya root. Mtu anachati anaandika neno "reboot", anapiga enta, simu inazima na kuwaka. Wakarekebisha haraka, toleo la RC30. Watu wakafanyaje, wakachukua fimuwea ya nyuma yake, RC29, faili linaitwa DREAIMG.nbh, wakaliweka kwenye memori kadi, wakairudisha simu kwenye kosa ili wapate rooti. Kuflashi ili kurooti kulianzia hapo hapo.

Niandae nini kabla sijaanza na Samsung?

Chaji ifike asilimia 70 hivi. Waya wa USB mzima, uwe wa data na sio ile ya kuchajia tu inayouzwa barabarani, ukiwa na kompyuta ya mezani chomeka matundu ya nyuma. Draiva za Samsung, programu zinazoifanya kompyuta iitambue simu. Kama umeweka Kies, programu ya Samsung ya kuunganisha simu na kompyuta, ifunge kabisa hadi kule chini kona ya kulia karibu na saa, maana Kies na Odin wanagombania simu moja. Nakili namba na picha zako. Halafu tafuta fimuwea kamili ya kiwandani ya modeli yako na uishushe KABLA, sio baada ya simu kufa ndo unaanza kutafuta bando la GB 1 saa sita usiku.

Na kama mtaani kwenu umeme ni wa kubahatisha tumia laptop.

Nielekeze hatua za Odin kwenye S2 au S3.

Zima simu. Shikilia volyumu ya chini, kitufe cha katikati na pawa kwa pamoja, itatokea alama ya onyo, bonyeza volyumu ya juu kukubali. Sasa uko Download Mode, unamuona roboti wa Android. Fungua Odin kama msimamizi, ndo uchomeke waya. Kiboksi cha juu kushoto kinageuka rangi na pale chini panaandika Added. Pasipoandika hivyo hujafika, usibonyeze kitu.

Faili lenye .tar au .tar.md5 linaingia kwenye PDA, kwenye Odin za kuanzia 3.09 wamepaita AP, ni pale pale. Kwa S2 ya zamani hapo unaweka CF-Root ya toleo linalolingana na fimuwea yako, ni kerneli iliyobebeshwa su, na ndo maana lazima ilingane. Kwa S3 na wenzake kuna CF-Auto-Root, hii inaweka rekavari ya muda, inajirooti yenyewe, halafu inarudisha rekavari ya zamani, we unaona tu roboti mwekundu na maandishi yanapita.

Auto Reboot na F. Reset Time ziwe NA tiki. Re-Partition iwe HAINA tiki. Narudia, haina tiki. Hiyo inapanga upya vyumba vya memori na inataka faili la PIT, ramani ya vyumba hivyo, ukiibonyeza kwa bahati mbaya ukiwa na kerneli ya MB 8 mkononi umejitafutia kazi ya wiki.

Bonyeza Start. Kerneli inachukua sekunde chache, fimuwea nzima dakika kadhaa. Usiguse waya, usimruhusu mtoto apite karibu. Ikiandika PASS kwa kijani na simu ikawaka, tafuta SuperSU kwenye menyu, fungua. Basi.

Odin imegoma pale kwenye NAND Write Start, nimekufa?

Bado. Mara nyingi ni waya au tundu la USB, badilisha vyote viwili, toa betri, rudisha, ingia Download Mode, anza tena. Ikikatikia katikati ya kuandika utakuta skrini ya picha ya simu na kompyuta na alama ya mshangao katikati, inakuambia utumie Kies. Watu wanaiona hiyo wanalia. Hiyo skrini yenyewe bado inapokea Odin, flashi fimuwea kamili moja kwa moja ukiwa hapo hapo.

Mi yangu ya kwanza kuua ilikuwa S2 ya dada, aliniachia wikendi moja niiongezee spidi. Nikaweka fimuwea, mstari wa Odin umefika kama robo, umeme ukakatika mtaa mzima, na kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani bila UPS. Nikakaa gizani naangalia ile picha ya mshangao, mwanga wake ndo taa pekee chumbani. Umeme ulirudi saa nne usiku, nikarudia na fimuwea ile ile, dakika tano ikawaka. Dada hajui mpaka leo, labda asome hapa.

Imetokea pembetatu ya njano simu ikiwaka, na hii namba ya kuhesabu ni nini?

S2 inahesabu kila unapoweka kerneli isiyo ya Samsung na inakuwekea pembetatu ya njano kila ukiwasha, ili fundi wa waranti akukamate. Kwa S2 ilikuwa inafutika, ama kwa app ya TriangleAway ama kwa kidude kinaitwa jigi, plagi ya maikro USB yenye rezista ya kiloomu 301 kati ya pini ya 4 na ya 5, unachomeka simu inaingia Download Mode yenyewe. Ukiweza kuunga waya kwa solda unajitengenezea nyumbani. Kuanzia enzi za S4 na Note 3 mwaka 2013 wakaleta Knox, ile ni fyuzi ndani ya chipu, ikishaungua inasoma 0x1 na hairudi. Ila waranti ya simu ya 2013 unaidai wapi leo, endelea tu.

Nimeflashi, simu inawaka vizuri ila mtandao hamna. IMEI imekuwa ya ajabu.

Piga *#06# uione IMEI, namba ya utambulisho ya simu. Ukikuta 004999010640000, hiyo ni namba ya akiba inayojitokeza pale simu inaposhindwa kusoma yake, na maana yake folda ya /efs imeharibika. Kwenye hilo folda ndo kuna faili la nv_data.bin lenye utambulisho wa simu yako, linatofautiana simu na simu, huwezi kuazima la rafiki. Kwa hiyo kitu cha KWANZA ukishapata rooti, kabla hata ya kujipiga picha ukawaringie watu, nakili folda zima la /efs, moja weka kompyuta, nyingine kwenye kadi nyingine. Ni MB chache tu.

S3 ina mtego wake. Ukishaipandisha 4.3 umbo la EFS linabadilika, ukijifanya kuishusha 4.1 mtandao unapotea, na butiloda yenyewe, programu ya kwanza kuamka simu ikiwashwa, haikubali kushuka. Iache hapo hapo au nenda romu ya juu.

Na mnaoniuliza nibadilishe IMEI, hapana. Kurudisha namba yako mwenyewe kutoka bekapu yako ni jambo moja, kuandika namba nyingine ni kosa, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 hapa Tanzania imeliweka wazi. Mnakumbuka Juni 16, 2016 simu zenye IMEI feki zilivyozimwa, na Kenya walishafanya hivyo 2012. Simu yenye akaunti ya mtu usiyemjua nayo usinipe.

Nina Tecno ya zamani, Odin haiioni.

Haiwezi kuiona, Odin ni ya Samsung tu. Tecno, Itel na Infinix za wakati huo nyingi zina chipu za MediaTek, hizo zinatumia SP Flash Tool, na zenye Spreadtrum zinatumia mafaili ya .pac na programu yake nyingine. Kwa MediaTek unahitaji draiva za VCOM, unapakia faili la scatter, ni ramani inayosema kila kipande kinaanzia wapi kwenye memori, kisha unabonyeza Download, ndo unachomeka simu IKIWA IMEZIMA. Mstari mwekundu unapita, halafu rangi nyingine, mwisho duara la kijani.

Pale juu kuna menyu ya kuchagua, chagua Download Only. Ile ya Format All + Download inafagia kila kitu mpaka NVRAM, na IMEI inaondoka nayo, halafu unapelekewa bili ya fundi. Ukipata kosa namba 4032 mara nyingi ni kwamba fimuwea sio ya hiyo simu, RAM haijalingana, na Tecno wanapenda kutoa modeli moja yenye ubao tofauti ndani, kwa hiyo jina kufanana sio ushahidi. Chukua bekapu kwanza kwa Readback, sehemu ya SP Flash Tool ya kusoma yaliyomo kwenye simu, inachosha ila inaokoa.

Ideos je? Ninayo bado.

Itunze hiyo, ni ya makumbusho. Safaricom waliiuza Kenya 2011 kwa kama shilingi 8,000 za kule na kwa watu wengi ndo ilikuwa Android yao ya kwanza. Kuiflashi ni rahisi kuliko zote, unatengeneza folda linaitwa dload kwenye memori kadi, unaweka faili la UPDATA.APP humo, ndio, limeandikwa UPDATA sio UPDATE, na simu inajisasisha yenyewe. Android 2.2 lakini. Redio inasikika vizuri.

Simu imekufa kabisa haiwaki, kuna matumaini?

Inategemea imekufa kifo gani. Ikionyesha logo na kukwama, au inawaka na kuzima inarudia rudia, hiyo iko hai, ingia rekavari, volyumu ya juu na kitufe cha katikati na pawa, futa data na kashe, au flashi upya. Ikiwa haitoi mwanga wowote, haitetemeki, haisomi chaji, na kompyuta haioni kitu au inaona kifaa cha ajabu kama QHSUSB_DLOAD, hapo ni butiloda iliyokufa na unahitaji fundi mwenye boksi, kifaa cha kufufulia simu, na anayejua kutumia JTAG, njia ya kuunga waya moja kwa moja kwenye ubao wa simu. Sio kila mwenye boksi anajua. Nilishawahi kumpelekea mmoja simu, akaipasha moto na hita kwa dakika kumi akaniambia sasa imekufa vizuri.

Kuna kifo kimoja mara nyingi hakina dawa ya programu. Galaxy Note ya kwanza, N7000, zikiwa kwenye kerneli za kiwandani za Android 4.0.3 au 4.0.4, na baadhi ya S2 zikiwa kwenye za 4.0.4, chipu ya memori ina kosa ndani yake, ukiiamuru ifute kila kitu kutoka rekavari inaweza kujifunga milele. Ukikuta Note ya hivyo iko 4.0.3 au 4.0.4 usifute chochote, weka kwanza kerneli iliyo salama au ipandishe 4.1.2 kwa Odin.

Simu ikirootiwa M-Pesa na app za benki zinafanya kazi?

Ya kupiga namba inafanya, *150*00# ya Vodacom au *334# ya Safaricom haijui wala haijali kama umerooti, inapita kwenye laini. App ndo tatizo, nyingi zinakagua na zikikuta su zinafunga mlango. Magisk ya topjohnwu ilikuja 2016 na mbinu ya kutogusa sehemu ya mfumo, inabadilisha boot tu, lakini ni mchezo wa paka na panya na kwa simu ya zamani hivyo nakushauri tu, hela zako usiziweke kwenye simu uliyoirooti. Tumia kitochi.

Baada ya kuflashi intaneti haishiki ila kupiga napiga.

APN, yaani mipangilio ya intaneti ya laini yako, imefutika. Nenda mipangilio ya mitandao ya simu, tengeneza mpya, Vodacom na Airtel andika internet, Safaricom andika safaricom. Hifadhi, ichague, zima data washa tena.

Nataka kutoa rooti niuze simu. Nikifanya factory reset inatosha?

Haitoshi, kile kifaili cha su kiko kwenye sehemu ya mfumo na reset haigusi huko, inafuta data zako tu. Kwenye SuperSU kuna sehemu ya kuondoa kabisa, au safi zaidi flashi fimuwea kamili ya kiwandani. Na ukinunua used fanya hivyo hivyo siku ya kwanza, hujui aliyekutangulia aliweka nini.

Natumia Linux, Odin haipo.

Tumia Heimdall, ni ya bure na kwa S2 naiona imetulia kuliko Odin. Toa zImage, faili la kerneli, ndani ya tar, simu ikiwa Download Mode andika heimdall flash --KERNEL zImage. Hakuna kugombana na Kies.

Betri ya S2 nitapata wapi?

Ya asili ni mAh 1650 na mpya kabisa ya kiwandani sahau, zilizopo madukani ni za kuiga, nyingine zimeandikwa mAh 2800 kwa saizi ile ile, usicheke ukiwa dukani. Chukua yoyote iliyonyooka, izungushe juu ya meza, ikizunguka kama pia ujue imevimba. Iliyovimba usiiweke kwenye simu hata kwa zile dakika tano za kuflashi.